Triga Iliyokataa Ng'ombe Wanne

Philomena Luhende alikuwa na miaka thelathini na tatu, stashahada ya kompyuta aliyoipata Mwanza, na mchumba aliyekuwa akikusanya ng'ombe kwa mwaka wa tatu sasa. Kijijini kwao, nje kidogo ya Bariadi, habari ya miaka na ya stashahada ilishazoeleka. Ya mchumba ndiyo haikuisha hamu. Kila Jumapili baada ya misa akina mama walimuuliza wamefika wangapi, naye akajibu saba, kisha nane, kisha tena saba kwa sababu mmoja aliugua akafa. Hapo akina mama wakamshika mkono na kumpa pole kana kwamba aliyefariki ni shangazi yake.

Mchumba mwenyewe aliitwa Anatoli, mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi huko Maswa, mpole kupita kiasi. Baba yake Philomena, Mzee Luhende, alipoulizwa mahari alisema kumi na wawili, na aliyasema hayo mbele ya ukoo mzima, akiwa amesimama. Anatoli, ambaye kazi yake ni kufundisha watoto kujumlisha na kutoa, alijumlisha, akatoa, akaona hakuna kinachobaki, akasema, "Ndiyo baba, nimesikia." Tangu siku hiyo alikuwa akizunguka kwa wajomba na mabinamu na daftari la shule mkononi.

Mwaka huu, Mungu si Athumani, Anatoli alipata tena wa nane, kisha binamu yake Salvatory alimpa wanne kwa mpigo, tena ng'ombe wa kutazamwa, na idadi ikatimia. Padri akatangaza ndoa mara tatu kanisani. Siku iliyopatikana ni Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Ikikosekana hiyo, watu wasubiri mpaka Pasaka ipite, na Philomena alikuwa amesubiri vya kutosha.

"Ng'ombe kwanza, padri baadaye," alisema Mzee Luhende. Maana yake ilikuwa moja tu, na hakuna aliyemwomba aifafanue. Ijumaa jioni ng'ombe wawe zizini kwake. Wasipokuwepo, bibi harusi hatoki nyumbani.

Sasa, katika mkoa mzima wa Simiyu, huenda kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kuchelewesha ng'ombe hao kwa kukaa kwenye kiti, na mtu huyo alikuwa Philomena mwenyewe.

Alifanya kazi mjini Bariadi, katika ofisi ya kuandikisha mifugo iliyokaa kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la mbegu za pamba. Harufu ya mbegu haikutoka kamwe, na siku za joto mafaili yote yalinukia mafuta. Kila ng'ombe aliyevishwa hereni ya namba sikioni alikuwa na mstari wake ndani ya kompyuta: nani mmiliki, anakaa wapi, amehamia kwa nani na kwa sababu gani. Bila mstari huo kubadilishwa hakuna kibali, na bila kibali ng'ombe havuki kizuizi cha kuingilia mjini. Kitu hicho chote watu walikiita mfumo, na walikizungumzia kwa tahadhari, namna watu wanavyomzungumzia mkwe mkorofi. "Mfumo umeamkaje leo?" waliuliza mlangoni kabla hawajaingia.

Ndani ya mfumo huo kulikuwa na triga. Triga ni maagizo mafupi yanayolala ndani ya hifadhidata kimya kimya. Hakuna anayeyaita. Mtu akiandika tu kwamba ng'ombe fulani anahama, yanaamka yenyewe, yanamkagua ng'ombe na karatasi zake, kisha ama yanakubali ama yanakataa, halafu yanalala tena. Triga ya zamani ilikuwa mvivu na ilikubali kila kitu. Jumanne ya wiki ya harusi, mtaalamu mmoja aliyeko Dar es Salaam akaifuta kwa mbali na kutuma nyingine kali, ambayo ingehakikisha kwamba anayetoa ng'ombe ndiye mwenye ng'ombe. Aliituma kwa WhatsApp kwa mkuu wa ofisi, Hanif. Hanif akamrushia Philomena, akaongeza na picha ya ua.

Triga hiyo ilikuwa na mistari arobaini na moja, na haukufanya kazi hata mmoja.

Jumatano nzima Philomena alipigana na alama. Simu ilikuwa imezilaza alama za kunukuu zikae mshazari, zikapendeza macho, lakini kompyuta haizitambui zikiwa hivyo. Akazisimamisha moja moja. Halafu ikawa kila kompyuta inapokutana na nukta-mkato ya kwanza inadhani maneno yamekwisha, inafunga mkutano na kutoa lawama. Akaiambia kwanza kwamba kwa leo mwisho wa maneno ni alama za dola mbili, ikaelewa, ikaendelea mbele kwa ushujaa mpaka mstari wa arobaini na moja, ambao ndio wa mwisho. Hapo ikasema kuna kosa. Alipoutazama mstari huo akakuta una neno moja tu, na neno hilo halikuwa na tatizo lolote.

Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu, simu ikalia ujumbe. Ulikuwa wa Anatoli. *Tumeshafika kizuizini, wote kumi na wawili, wazima. Dereva wa fuso ametushusha akaondoka. Wanasema wanasubiri kibali kutoka kwenu. Usiwe na haraka mpenzi.*

Philomena alitamani kulia. Badala yake akaenda kwa Hanif.

Hanif alikuwa mtoto wa muuza vitenge maarufu pale sokoni, kijana mwenye roho nzuri, suruali zilizonyooshwa, na imani isiyoyumba kwamba hakuna shida duniani inayoweza kuishinda kamati. Alimsikiliza Philomena hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Madam, hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja," alisema. "Tuunde kamati."

Ikaundwa Kamati ya Kushughulikia Mstari wa Arobaini na Moja. Wajumbe walikuwa Hanif, mtunza mafaili, dereva wa ofisi, na mama wa chai aliyeingia kuleta chai akaambiwa akae ili akidi itimie. Philomena alialikwa kama mtaalamu, bila haki ya kupiga kura. Muhtasari uliandikwa. Saa nne na robo kamati ikafikia azimio lake la kwanza, kwamba kwa kuwa kosa liko mstari wa arobaini na moja, mstari huo ufutwe.

"Lakini kosa haliko pale," Philomena alisema. "Pale ndipo kompyuta imefika ikiwa imechoka kusubiri. Kosa lenyewe liko juu huko, sijui wapi."

"Madam, mfumo umesema arobaini na moja," Hanif alisema kwa upole. "Sisi ni nani?"

Wakaufuta. Kompyuta ikasema kuna kosa mstari wa arobaini.

"Tunalikaribia!" Hanif alisema, akapiga meza. Wakafuta wa arobaini. Kosa likarudi nyuma hadi thelathini na tisa. Dereva wa ofisi, ambaye aliwahi kukimbiza nguruwe-pori kwenye shamba la mahindi, alishauri lisifukuzwe kutoka upande mmoja tu, bali mtu mwingine aanze kufuta kutoka juu wakutane katikati. Wazo hilo liliungwa mkono na mama wa chai.

Muda wote huo Anatoli alikuwa akituma habari. *Wamekula maua ya mkuu wa kizuizi.* Baada ya nusu saa: *Mmoja amekula daftari la kizuizi. Kurasa mbili tu, za mwaka jana.* Baada ya saa nzima: *Mkuu wa kizuizi anauliza mmefikia wapi. Nimemwambia mstari wa thelathini na nane. Amefurahi.*

Saa sita na nusu kamati ikaahirishwa kwa ajili ya swala na chakula. Philomena akabaki peke yake. Akarudisha mistari yote iliyofutwa, akaichapa kwenye karatasi, akachukua penseli. Triga ile ilijaa masharti: ng'ombe akiwa hivi, fanya hivi. Kila sharti linalofunguliwa lazima lifungwe kwa neno lake. Akaanza kuchora mstari kutoka kila lilipofunguliwa hadi lilipofungwa, moja, mbili, na la tatu akalikuta mstari wa kumi na tisa likiwa wazi, limeachwa tangu Dar es Salaam, kama mlango wa zizi ambao kila mtu alidhani mwenzake ameufunga. Basi kompyuta ikawa inasoma mpaka chini ikisubiri lifungwe, na karatasi inaisha halijafungwa.

Akaandika maneno mawili na nukta-mkato. Akabonyeza. Kompyuta ikanyamaza, na kwa kompyuta huo ndio uungwana wenyewe. Philomena alisimama akacheza kidogo peke yake katikati ya mafaili, mikono juu, na mama wa chai aliyerudi kuchukua vikombe akacheza naye bila kuuliza.

Wakaingiza ng'ombe. Wa kwanza, namba ya hereni, mtoaji Anatoli, mpokeaji Mzee Luhende, sababu mahari: amekubaliwa. Wa pili amekubaliwa. Mpaka wa nane. Hanif alikuwa amesimama nyuma ya kiti akihesabu kwa sauti. Wa tisa, mmoja wa wale wanne wa binamu Salvatory, triga ikamkataa. *Mtoaji si mmiliki.* Wa kumi hivyo hivyo. Wa kumi na moja, wa kumi na mbili, hivyo hivyo.

Philomena akafungua taarifa za wale wanne kuangalia mmiliki ni nani, kama si Anatoli wala Salvatory. Jina lilikuwa moja kwa wote. PHILOMENA LUHENDE.

Alisoma mara mbili, akaliangalia kama mtu anavyoangalia viatu vyake vimevaliwa na mtu mwingine. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa hata na kuku. Alipanga chumba kimoja na jiko la mkaa.

"Madam," Hanif alisema taratibu, "kumbe unafuga?"

Bahati mbaya ni kwamba Philomena, kwa kuwa ni fundi, hakufikiri kwamba kompyuta inasema kweli. Alifikiri ameiharibu. Mstari wa ishirini na sita wa triga uliandika jina la mtumishi aliyeingiza taarifa, ili ajulikane kukiwa na kosa. Bila shaka, alijisemea, nimekosea mahali, jina langu linaangukia kwenye sehemu ya mmiliki. Ina maana kila ng'ombe atakayepita mkononi mwake atakuwa wake. Akaona mbele yake mkoa mzima, Maswa, Nyashimo, Kalemela mpaka ziwani, mifugo yote ikihamia kwa jina lake kidogo kidogo huku yeye akinywa chai, na mwisho wa yote polisi.

Alhamisi ikaisha hivyo. Anatoli alilala kizuizini pamoja na ng'ombe, akaandika kwamba hakuna mbu wengi.

Ijumaa asubuhi walijaribu kwa utaratibu. Philomena aliingia kwa jina lake mwenyewe, akaandikisha kwa jina la Hanif ng'ombe wa majaribio ambaye hayupo duniani: jike, rangi ya maziwa, umri miaka minne. Kama kosa ni la triga, ng'ombe huyo angeangukia kwa Philomena. Hakuangukia. Mfumo ulimpa Hanif ng'ombe wake vizuri kabisa, na baada ya dakika tano ukamtumia ujumbe kwenye simu: *Ndugu mfugaji, ng'ombe wako hajaogeshwa josho mwezi huu.* Hanif alishtuka. Alisoma ujumbe mara tatu, akauliza josho la karibu liko wapi, na Philomena akalazimika kumkumbusha kwamba ng'ombe hayupo.

"Najua hayupo," Hanif alisema, "lakini wameandika jina langu."

Triga, basi, haikuwa na kosa. Hapo Hanif alianza kukaa mbali kidogo na meza ya Philomena. Alimpenda na kumheshimu, alisema, ila ng'ombe wanne si jambo la kunyamazia, na asubuhi ile ile akaunda kamati ya pili, ambayo mama wa chai alikataa kuingia.

"Madam, tuchague njia fupi," Hanif alisema alipomkuta ameinamisha kichwa juu ya meza. "Huo mstari unaouliza mmiliki, ufute. Dakika moja tu. Ng'ombe wapite, uolewe, halafu Jumatatu tuurudishe. Mimi sijaona kitu."

Philomena aliuweka mshale wa kompyuta juu ya mstari huo. Kufuta ni kugusa mara moja. Alimfikiria Anatoli na suti yake aliyoikunja ndani ya mfuko wa rambo huko kizuizini, akafikiria Pasaka ilivyo mbali. Kidole kilikuwa tayari. Kilichomzuia si uadilifu, tusimpambe. Ni kwamba alikuwa ametumia siku tatu kuitengeneza triga ile na hakuvumilia kuivunja kabla hajajua imeona nini.

Akaenda kwenye kabati la mafaili. Kabla taarifa hazijaingizwa kwenye kompyuta, miaka mitatu nyuma, yeye akiwa bado hajaajiriwa, waandikishaji walipita vijijini wakivalisha ng'ombe hereni na kujaza fomu kwa kalamu. Fomu za Maswa zilikuwa kwenye boksi la sabuni. Alizipekua mpaka vidole vikawa vyeusi, akaipata. Ng'ombe wanne. Anapokaa ng'ombe: kwa Mayige, Maswa. Mmiliki: Philomena Luhende. Na chini kabisa, mahali pa sahihi, dole gumba kubwa la wino lenye kovu katikati. Kovu hilo alilijua tangu utotoni. Ni la panga.

Alikuwa bado amechuchumaa pale na fomu mkononi wakati mwenye dole aliposimama mlangoni.

Mzee Luhende alikuwa amepanda baiskeli tangu alfajiri kuja kuuliza ng'ombe wako wapi. Alikuwa na kofia, fimbo, na hasira aliyoitunza vizuri njia nzima. Philomena akapiga goti palepale kwenye sakafu ya ofisi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," mzee aliitikia kwa Kisukuma, akimwita mama kama ilivyo desturi, maana salamu ni salamu hata kwa mtu mwenye hasira. Kisha akamgeukia Hanif. "Ninyi ndio mmefunga ng'ombe wangu pale barabarani? Watu wamepika pombe. Wakwe zangu wameshaanza kuja. Nitawaambia nini, kwamba mashine imelala?"

"Mashine iko macho, mzee," Hanif alisema. "Ndilo tatizo."

Philomena alimwonyesha fomu. Alinyoosha kidole kwenye lile dole. Mzee Luhende aliitazama karatasi, akamtazama binti yake, akaitazama tena. Hasira ikamwondokea usoni mpaka akaonekana mzee kweli.

"Mwambie huyu kijana atoke," alisema.

Hanif akatoka, akasimama nje ya dirisha, ambako alisikia kila kitu.

"Ulipochaguliwa kwenda sekondari," mzee alianza, akaketi kwenye boksi la sabuni, "kaka zako walikuja kwangu wote watatu. Wakasema baba, ng'ombe anayemfuata msichana shuleni harudi. Mimi nikanyamaza. Nikaona, wakinishinda nikiwa hai, nikifa watafanyaje? Nikatenga mtamba mmoja. Mmoja tu, mwekundu wa madoa. Nikampeleka Maswa kwa rafiki yangu Mayige akae naye."

Kwa mtu wa huko jambo hilo halihitaji maelezo. Mfugaji mwenye akili hakai na ng'ombe wake wote zizini mwake. Huwagawa kwa marafiki na wakwe, ili ugonjwa ukija, au mwizi, au jicho la jirani, lisiwakute wote. Anayekaa nao hunywa maziwa na kufunga mdomo. Mgeni akiuliza, wote ni wake. Hiyo ndiyo heshima ya mpango wenyewe, kwamba haujulikani.

"Mtamba akazaa," mzee aliendelea, "wanawe wakazaa, wengine wakafa, wakabaki wanne. Watu wa hereni walipokuja, Mayige akaniita, akasema waandikwe jina gani. Nikasema waandike la mtoto. Nilitaka nikifa wakute jina, wasianze kubishana."

"Hukuniambia," Philomena alisema.

"Ningekuambia, ungemwambia mama yako. Mama yako angewaambia kaka zako."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Philomena alichukua simu, akampigia Salvatory, mtoto wa Mayige, akaweka sauti wote wasikie. Salvatory alikuwa akipeleka ng'ombe kunywa maji, akashangaa kuulizwa.

"Mzee wetu alifariki mwaka jana ghafla, dada," alisema. "Hakutuonyesha wepi ni wetu, wepi ni wa watu. Mimi nikaona hao wanne ndio wazuri kuliko wote, nikasema nimpe heshima binamu yangu. Kwani ni wa nani?"

"Ni wa bibi harusi," Hanif alijibu kutoka dirishani, akashindwa kujizuia.

Kwenye simu wakasikika ng'ombe. Kisha Salvatory alisema, "Jamani," akasema tena, "Jamani," na simu ikakatika.

Ikawa basi ndiyo hivyo. Baba aliyetaka kumi na wawili kwa binti yake alikuwa anakaribia kulipwa mahari kwa ng'ombe wa binti mwenyewe, ambao alimpa kwa siri, na mkwe aliyesumbuka miaka mitatu alikuwa amewasafirisha kutoka Maswa bila kujua kwamba anamwoa mwanamke mwenye mifugo kuliko yeye. Hanif alirudi ndani bila kuitwa, akajaribu kuchora jambo hilo kwenye karatasi kwa mishale, nani anampa nani, na mishale yote ikarudi kwa Philomena.

"Kwa mfumo inawezekana," Hanif alisema hatimaye. "Mwenye ng'ombe akikubali, triga inapitisha. Madam anaweka sahihi kama mtoaji, mzee anapokea, kumi na wawili wanatimia. Harusi kesho."

Philomena akaivuta fomu. Aliona ni sawa tu. Angetoa ng'ombe wanne ambao dakika kumi zilizopita hakuwa nao, aolewe, yaishe. Akachukua kalamu.

"Weka chini," baba yake alisema.

"Baba, kesho ni Jumamosi."

"Ukiwatoa wanaingia zizini kwangu. Na zizini kwangu kuna nani? Kaka zako. Miaka ishirini nimewaficha, leo niwalete mwenyewe kwa kamba?"

"Bila wao ni wanane. Wewe ulisema kumi na wawili. Ulisema mbele ya watu wote."

Mzee Luhende aligeuza kofia yake mikononi. Ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo linamuuma. Kumi na wawili ilikuwa kauli yake. Ukoo mzima uliisikia, majirani waliisikia, hata wale waliokuwa wakinung'unika kwamba ni wengi walikuwa wakiitaja kwa fahari. Kushuka mpaka wanane siku moja kabla ya harusi, wakwe wakiwa wameshakaa kwenye vigoda uani, ni kusimama mbele yao na kukiri kwamba kuna jambo alilowaficha wanawe kwa miaka ishirini.

"Wanane wanatosha," alisema.

"Na kaka zangu?"

"Nitawaambia leo hii. Nitawaambia mbele ya wakwe, washindwe kupiga kelele." Akafikiri kidogo. "Kelele watapiga. Lakini watanipigia mimi."

Philomena alikuwa amemjua mtu huyu miaka thelathini na tatu kama mtu wa kuamuru na kuhesabu, na hakuwahi kusikia kinywani mwake neno moja la kumpenda. Alifurahi mpaka akaona aibu. Akarudi kwenye kompyuta kwa sababu huko alijua la kufanya na mikono yake.

Alichapa vibali viwili. Cha kwanza cha ng'ombe wanane, kutoka kwa Anatoli kwenda kwa Luhende, sababu mahari. Cha pili cha ng'ombe wanne, mmiliki hajabadilika, wanarudi Maswa walikotoka, ambako mmiliki ataanza kuishi baada ya ndoa. Kwenye nafasi ya sababu mfumo ulitaka achague moja kati ya kuuza, mahari, malisho na msiba. Hakuna iliyofaa. Hanif alipendekeza iundwe kamati, wote wawili wakamtazama, akasema basi waandike malisho. Triga ikaamka, ikakagua kimya, ikapitisha vibali vyote viwili. Philomena akampigia Anatoli, akamweleza kwa kifupi, na Anatoli akauliza kama ng'ombe hao wanne watamkubali yeye.

Hanif akatoka mbio na vibali kuwahi kizuizini. Mzee Luhende alisimama, akachukua fimbo, akafika mlangoni, akarudi. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili na macho yake yalikuwa yamechoka.

"Hiyo mashine," alisema, "imewaandika bado? Jina liko?"

"Liko, baba."

"Nisomee."

Philomena akafungua wa kwanza, akasoma namba ya hereni, kisha mmiliki. "Philomena Luhende."

"Huyo ndiye mwekundu wa madoa. Rangi ya bibi yake. Na wa pili?"

"Philomena Luhende."

"Mweusi. Na wa tatu?"

"Philomena Luhende."

"Na yule mdogo?"

Akafungua wa nne, na kabla hajasoma, mzee akalitaja jina mwenyewe.